Kizungu cha Naini

Siku ya tatu ya msiba wa mama, jirani yetu mmoja alikwenda kuteka maji mtungini awapelekee wageni, na kile kifuniko kikamponyoka mikononi. Alinifuata mkekani nilipokaa na shangazi zangu, akachutama mbele yangu.

"Dada Zena, usinikasirikie. Nimekivunja kile kijiwe chenu cha mtungi. Kesho nakuletea sahani ya bati, nzuri tu, ina maua."

"Haidhuru, bibie," nikamwambia. "Kilikuwa kizee hicho."

Wala hakuwa na kosa. Kwake yeye kilikuwa jiwe jeusi, bapa, lililolainika pembeni kwa kushikwa miaka yote. Wageni walipopungua nikavikusanya vile vipande ndani ya kanga. Vilikuwa vimelowa. Nikavinusa, na sijui mtu mzima ananusa jiwe akitafuta nini. Nikasikia moshi wa makaa ya mawe na manyoya ya kondoo walionyeshewa na mvua. Jiwe halina harufu, najua. Huenda ilikuwa harufu ya mtungi tu, au udi wa msibani. Lakini nilikaa pale chumbani mwa mama, mie mwanamke mwenye wajukuu, nikalia kilio ambacho siku ya mazishi hakikunitoka.

Nimejaribu kuiandika habari hii mara nyingi nikaacha. Shule yangu ni ile ya kisomo cha watu wazima, na herufi zangu mpaka leo zinalala. Tena naogopa kuwaonea watu ambao hawapo wakajitetea. Nitajitahidi kusema nilichokiona, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona.

Tulikuwa tunakaa Mtoni, karibu na barabara ya Kilwa. Baba alikuwa fundi cherehani, ameweka mashine yake barazani kwa duka moja, na mama alikuwa yaya kwa wazungu, huko Uzunguni. Bwana wake alikuwa mtu wa kazi za barabara, mrefu, mkimya. Mkewe tulimwita memsahibu. Walikuwa na mtoto wao wa kiume, Tomi, ambaye alikuwa na tabia moja: hali chakula mpaka mie nionje kwanza. Mama akinichukua kazini kwa kukosa wa kuniachia, mtoto anakula. Akiniacha, sahani inarushwa ukutani. Basi ilipofika zamu ya bwana kwenda likizo kwao Ulaya, na memsahibu akataka mama aende naye amtunze mtoto, mama akasema bila mie haendi, na Tomi akasema kwa vitendo vyake kwamba bila mie hali. Ndivyo nilivyofika Ulaya nikiwa sijang'oka hata meno ya mbele. Nilipelekwa kama kijiko.

Lazima nieleze neno moja, maana yote yaliyonipata yamo ndani yake. Kwetu wakati ule lugha ya wazungu ilikuwa na jina moja tu, Kizungu. Mhindi anasema Kihindi, Mzungu anasema Kizungu, basi. Hatukuwa na habari kwamba Mhindi wa dukani na Mhindi fundi viatu huenda hawaelewani. Na Kizungu nacho tulidhani ni kitu kimoja, kama chumvi.

Safari ya melini siikumbuki sana, isipokuwa kutapika. Nakumbuka gari moshi refu, halafu gari dogo, halafu mvua. Jina la kijiji chenyewe sikuweza kulitamka wakati ule wala sasa, lina sauti inayokwama kooni kama mwiba wa samaki. Nyumba zilikuwa za mawe, zimeshikana mabega mstari mmoja, na mapaa yake ni mawe vilevile, yamepasuliwa membamba na kupangwa kama magamba. Nyuma ya nyumba palikuwa na mlima. Siyo mlima wa udongo. Ulikuwa mlima wa vipande vya jiwe jeusi, vipande juu ya vipande, umeporomoka mpaka kwenye nyua za watu.

Mie nilikuwa nimewahi kuona jiwe la namna ile mara moja tu, mikononi mwa watoto wa jirani waliokwenda shule. Ndilo walilokuwa wakiandikia, lina fremu ya mti. Nikamvuta mama kanga, maana alikuwa ameivaa juu ya koti la kuazimwa.

"Mama, vibao vyote vile vya nani?"

Mama akautazama ule mlima. Naye alikuwa hajui.

"Vya shule," akasema. "Si unaona."

Nikaamini. Nikawaza, kumbe ndiyo maana wazungu wanajua mambo, mtu anazaliwa nyuma ya nyumba yake pana mlima wa vibao. Mchana baruti ilikuwa inalia huko juu, madirisha yanatetemeka, na jioni wanaume wanateremka wamejaa vumbi la kijivu mpaka kwenye kope, wakikohoa. Nilidhani ni walimu.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya mama yake memsahibu, bibi kizee mfupi, mwenye aproni nyeusi na mikono mikubwa kama ya mwanamume. Walimwita Naini, nami nikadhani ndilo jina lake. Ajabu ni kwamba kila mtoto pale kijijini bibi yake naye aliitwa Naini. Nikaona labda ni jina linalopendwa, kama kwetu Mwajuma.

Bwana hakukaa. Alikuwa na shughuli zake Londoni, akawa anakuja na kuondoka. Memsahibu alikuwa na ndugu na marafiki wa kutembelea, mama alikuwa na Tomi, kwa hiyo mie nilibaki jikoni na Naini. Tukawa hatuna neno hata moja kati yetu. Siku ya kwanza alinikalisha karibu na moto, akaonyesha moto kwa kidole, akasema, "Tan." Akaonyesha maji kwenye jagi, akasema, "Dur." Akashika mkate kifuani, akaukata kuelekea mwilini mwake kama mtu anayejichinja, akasema, "Bara."

Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye kiti. "Mama! Anasema mkate ni bara!"

"Mwache," mama akasema kutoka chumba cha pili, anamvisha Tomi soksi. "Pengine huko bara ndiko ulikotoka."

Naini naye akacheka, bila kujua tunacheka nini. Akanipa kipande chenye siagi nyembamba sana, maana siagi na sukari pale vilikuwa vya kupimiwa, vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi. Mie sikujua kuwa wazungu nao wanapanga mstari wa sukari. Nilipowasimulia watu Mtoni, hilo walilikataa kabisa.

Mtoto hujifunza upesi. Nadhani kabla sijazoea viatu nilikuwa tayari naongea. Nilijua kusema nina njaa, kuna mvua, mlango, paka, nataka kwenda nyumbani. Naini akiniita "hogan," yaani msichana, naitika. Usiku mama akinifunika blanketi nilikuwa namwambia "nos da," lala salama, na mama akawa anajibu "nos da," basi na yeye akashika maneno yake machache. Nilikwenda na Naini dukani na mtoni kutazama maji yanayoruka mawe, na kando ya kuta zilizopangwa bila udongo wowote, ambako kondoo walikuwa wamepakwa rangi nyekundu mgongoni kama waliotiwa hina kwa harusi. Kuna watoto walionifuata darajani wakanishika nywele, na mmoja akanitemea mate. Nalisema kwa sababu lilitokea. Lakini lazima niseme pia kwamba Naini alimfukuza na fagio mpaka mlangoni kwao, akamtoa mama yake nje wakagombana, na jioni yule mtoto akaletwa na yai moja.

Jumapili walikwenda kwenye kanisa lao, halina msalaba wala picha, kuta tupu. Mama alichungulia mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hawa wanasali kama sie." Walipoimba, mbao tulizokanyaga zilikuwa zinanguruma. Memsahibu aliimba kinywa wazi, machozi yanamtoka, hajali. Kule nilimwona mtu ambaye Uzunguni sijamwona. Alicheka mpaka fizi zinaonekana. Alikaa sakafuni. Alimtania mama yake kwa Kizungu kile cha haraka, wanapigana mapaja.

Bwana akiingia, mazungumzo yanakatika. Kila mtu anakaa sawa. Halafu wanaanza tena, polepole, kwa maneno mengine yasiyo na mwiba wa samaki, na Naini hasemi kitu kabisa, anachochea moto tu. Mie nikatafakari hilo jambo kwa akili zangu za kitoto nikapata jibu: bwana hajui Kizungu. Masikini, mtu mzima yule, ana gari, na hajui Kizungu, ndiyo maana wanamsemea polepole kama mtoto. Nikamwonea huruma. Siku moja akiwa mezani nikamwonyesha jagi nikamwambia, "Dur," nimsaidie. Akanitazama, akaendelea kula.

Kabla hatujaondoka, Naini alinichukua makaburini kumuaga mumewe, aliyekuwa amekufa kwa kifua. Makaburi yao nayo yalikuwa na mawe yaleyale meusi, yamesimama, yameandikwa. Nikasimama pale nimeduwaa. Wafu wote wale, kila mmoja na kibao chake mbele yake, wamemaliza kuandika wanangoja kusahihishiwa. Naini akafuta cha mumewe kwa aproni. Nyumbani akanipa kimoja, mraba, laini, akafanya kwa kidole kama anaandika, akanigusa kifuani: wewe. Kilikatwa na mumewe, nadhani. Hilo sina hakika nalo. Nilikilalia melini njia nzima.

Mtoni tulipokelewa kama mahujaji. Barazani kwa baba watu walijaa, hawana nguo za kushona, wamekuja kunisikiliza mie. Mkuu wao alikuwa Mzee Feruzi, muuza kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mzungu wangu. Hebu nipe Kizungu cha maji."

"Dur."

"Kizungu cha moto?"

"Tan."

"Na mkate je?"

"Bara."

"Ala! Kumbe wakiitawala bara wanaila!" Baraza zima likacheka. "Fundi, huyu mtoto umpeleke ofisini kwa bwana Diisii wa wilaya akatutetee kodi."

Baba alikuwa anashona, kichwa ameinamisha, lakini nilimwona masikio. Baba akifurahi masikio yalikuwa yanasogea nyuma.

"Na bwana wako huko Ulaya alikuwaje?" Mzee Feruzi akaniuliza.

"Bwana hajui Kizungu," nikasema. "Wakianza kuongea yeye ananyamaza tu."

Wakaangua vicheko. Baba akasimamisha mashine kwa kiganja. "Zena! Hayo yasitoke hapa. Mama yako anataka kazi bado."

Hapo ndipo baba alipopata wazo la shule. Palikuwa na shule moja ya wasichana mjini, siitaji, ambayo ilichukua watoto wachache wa Kiafrika kila mwaka na kuwafikisha mbali, hadi uuguzi na ualimu. Ilikuwa inasemekana kwamba mtoto akiingia na Kizungu kidogo kinywani hakataliwi. Mtoto wa fundi cherehani kuingia pale lilikuwa jambo la kuota tu. Lakini mie nilikuwa na Kizungu kingi. Mama akamweleza memsahibu, na memsahibu akakubali papo hapo, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Mimi peleka yeye. Mimi jua bibi mkubwa ya shule." Sikumwona akisita. Siamini kwamba alikuwa amepanga ubaya wowote.

Baba akakata gauni la shule kabla ya majibu. Kitambaa cha buluu, kola nyeupe. Aliacha pindo pana chini, la kukulia. "Hili," akaniambia ameshika pini mdomoni, "litakwenda nawe miaka. Ukirefuka nalifumua kidogo, ukirefuka tena nalifumua."

Siku yenyewe nilivaa lile gauni, nimekumbatia kibao cha Naini. Baba alivaa kanzu na koti. Mama alibaki na Tomi. Ofisini mle tulikuwa baba, mie, memsahibu aliyekuja na gari lake, bibi mkuu wa shule, Mwingereza mwenye miwani, na mwalimu mmoja wa kike Mwafrika, lafudhi yake ya bara, wa kutafsiri. Mezani palikuwa na chai ya bibi mkuu, na sahani ya mkate.

Bibi mkuu akaniinamia akaniuliza jambo. Nikasikia ile sauti isiyo na mwiba, ile ile ya bwana. Nikamwonea huruma. Nikawaza, kumbe na huyu hajui Kizungu, na shule kapewa.

Akarudia polepole. Akaonyesha mkate kwa kidole, ameinua nyusi.

"Bara," nikasema, kwa nguvu.

Mwalimu akanitazama. Bibi mkuu akasema kitu, mwalimu akaniuliza, "Bibi mkuu anauliza, ninyi ni watu wa bara?"

"Hapana, mwalimu," baba akajibu. "Ni Kizungu hicho. Kasema mkate. Katoka nacho Ulaya."

"Mzee, hicho si Kizungu. Kizungu nakifundisha mimi."

Bibi mkuu akaonyesha bilauri. "Dur," nikasema. Akaonyesha jiko dogo la chai. "Tan." Nilikuwa nafurahi kabisa, naona napata yote. Kisha nikaona uso wa baba, nikaona masikio yake hayakusogea nyuma, nikaelewa kwamba kuna kitu kimeharibika ila sikijui. Nikamgeukia mtu pekee mle ndani aliyejua. Nikamshika memsahibu mkono wa gauni, nikamwambia kwa lugha ya jikoni kwa mama yake, kwa sentensi ambayo Naini alikuwa akinifuta machozi nikiisema: "Isho mund adra." Nataka kwenda nyumbani.

Shingo yake ikawa nyekundu, kuanzia kwenye kola kwenda juu. Bibi mkuu akamwuliza jambo, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Memsahibu akajibu kwa maneno machache. Midomo yake ilikuwa imekuwa myembamba, ile ya Uzunguni. Mkono wake ukatoka taratibu kwenye vidole vyangu.

"Kasema nini memsahibu?" baba akauliza.

Mwalimu akasita. "Anasema hajui mtoto anasema lugha gani. Anasema labda ni Kizaramo."

Baba akasimama. Kofia ilikuwa mkononi. Sijawahi kumwona akizungumza na mzungu amesimama wima vile.

"Kizaramo? Mwalimu, mie Mzaramo. Mama yangu Mzaramo, na nimezaliwa papa hapa. Kizaramo mkate ni mkate. Mwulize memsahibu: mtoto huyu lugha hii si kaitoa nyumbani kwa mama yake mwenyewe?"

"Mzee wangu," mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "hilo sitalitafsiri. Kwa faida yako."

"Mwulize!"

"Kaa chini, mzee. Tafadhali."

Bibi mkuu hakuhitaji tafsiri ya sauti ile. Alisema, na mwalimu akatufikishia, kwamba mtoto bado mdogo, akili yake haijatulia, na baba yake amekasirika, basi aletwe wakati mwingine, ajifunze kwanza maneno machache ya kweli. Hakunikaripia. Alinipa kile kipande cha mkate. Nilikula njiani, tunatembea kwa miguu kurudi Mtoni, na kilikuwa kitamu. Hilo nalo liandikwe.

Memsahibu nilimwona nilipogeuka getini. Alikuwa amekaa ndani ya gari, mikono juu ya usukani, hajawasha.

Jioni baba alimwuliza mama swali ambalo kesho yake barabara nzima ilikuwa inauliza. "Mama Zena, niambie ukweli wako. Nyie mlikwenda Ulaya, au mlifichwa Mafia?"

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nilisikia kwamba vinatofautiana," akasema. "Cha bwana na cha kule. Nikasema labda cha nyumbani na cha ofisini. Ningemwuliza nani? Wao wenyewe si wanasema sie tunaongea Kiafrika?"

Baba nadhani alimwamini. Lakini mtu anayekaa barazani mbele za watu kutwa nzima, kuamini kwake hakumsaidii kitu. Mzee Feruzi alipita na birika lake. "Fundi, nasikia mtoto wako amefeli Kizungu kwa kujua Kizaramo!" Ulikuwa utani, alimtania hivyo hivyo kila mtu, na baba akacheka pamoja nao. Watoto ndio hawakuacha. "Bara! Binti Bara! Tukatie bara tunywe chai!" Mtoto wa pwani kuitwa wa bara, waliozaliwa wakati wetu wanajua linavyouma. Jina hilo nimekaa nalo mpaka nilipoolewa, na mume wangu alilisikia harusini.

Wakati mwingine wa kunirudisha shuleni haukufika. Baba hakukataza. Ilikuwa likitajwa tu anapata kazi ya haraka. Gauni lilikaa kwenye msumari. Kisha karani mmoja, mtu wa Nyasa, jirani, binti yake akapokelewa shule ileile, akaja barazani kuulizia sare. Binti alikuwa amenizidi urefu. Nilisimama mlangoni nikamwona baba akichukua wembe, anafumua lile pindo, uzi mmoja mmoja, analipiga pasi, analishona upya chini kabisa. Lilimtosha yule binti vizuri. Alikuwa msichana mwema, alikuja kuwa muuguzi, na alinisalimia kila tulipokutana.

Kibao baba alitaka kukitupa. Mama akakichukua, akakijaribu juu ya mtungi. Kikaenea mdomoni kama kimepimwa. "Kitafaa hapa," akasema.

Mama aliendelea kwenda kazini, kwa sababu ya Tomi na kwa sababu kazi ni kazi. Kwa memsahibu halikutajwa jambo. Siku moja mama alimsikia bafuni anaimba ule wimbo wa kanisani kwa mama yake, chini chini. Aliposikia nyayo akafungulia bomba la maji mpaka mwisho. Baadaye bwana alihamishwa, wakaenda zao.

Mie na mama hatukuwa tunaisema tena ile lugha, isipokuwa neno moja. Tukiwa wawili tu, mama akitaka maji hakusema maji. "Dur, Zena." Nilikuwa nafunua jiwe, nachota, nampa. Wakati mwingine tulikuwa tunacheka, mara nyingi hatukucheka. Lilikaa tu, kama kovu unalolipapasa bila kukumbuka.

Nilipokuwa mtu mzima nilifanya kazi ya usafi hospitalini, na nilikuwa nawatega wazungu wa pale, mmoja mmoja, "Dur ni nini?" Hawakujua. Mpaka daktari mmoja mzee akasimama, akanikazia macho, akasema hiyo si lugha yake ila anaijua ni ya nani, ni Kiwelisi, ya watu wa milimani kwenye nchi ileile ya Waingereza, na zamani watoto wao walikuwa wakichapwa shuleni wakiisema. Akacheka, siyo kwa ubaya, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia shuleni. Tangu hapo nimefikiri, huenda memsahibu naye alichapwa. Huenda shingo ile ilipokuwa nyekundu alikuwa ni mtoto mbele ya mwalimu wake, kama mie. Sijui. Nimejaribu kumsamehe kwa hiyo huenda, na kuna siku nimeweza.

Mwezi huu mama alilala na homa, na uzee ukamalizia. Mchana wa siku ya mwisho nilikwenda kumtafutia dawa, nikachelewa kidogo kwenye foleni. Niliporudi nilisikia Yasini kutoka nje. Shangazi yangu mkubwa akanipokea kwa mikono miwili.

"Kakwenda vizuri mwanangu, kakwenda vizuri sana. Mpaka mwisho alikuwa anataka dua. 'Du, du,' hivi, ulimi mzito, na mkono ameunyoosha. Basi tukajua, tukamsomea wote."

"Mkono aliunyoosha wapi, shangazi?"

"Kule, kibla."

Nikamwuliza kama walimpa maji. Akasema ndiyo, walimtonesha kwa pamba, kama ilivyo desturi. Na kweli pamba ilikuwepo kwenye kibakuli, mbichi.

Huenda alitaka dua. Alikuwa mcha Mungu kunizidi, na waliokuwa naye walimsomea kwa mapenzi yao yote, siwezi kuwaondolea hilo wala sikuwaambia kitu. Lakini upande wa kibla chumbani mwa mama ndiko ulikosimama mtungi. Nilikwenda nikalifunua jiwe. Maji yalikuwa yamejaa mpaka shingoni, kama nilivyoyaacha.